Somo la Kumi na Saba na Anwani Niliyoifungia

Mliobaki ghorofa ya tatu mmeniomba maelezo ya kukabidhi kazi. Nywila zote ziko kwenye bahasha, bahasha iko kabatini, na ufunguo wa kabati anao mhasibu kwa sababu yeye hapotezi kitu. Makabidhiano yameisha. Yapo mengine ambayo hayaingii kwenye bahasha, na hayo nimeamua kuyaandika sasa, wiki ya tatu ya kustaafu, kabla sijazoea kukaa.

Sitaeleza nilipanda cheo lini wala nilikuwa nalipwaje. Hayo hayatawasaidia siku seva itakapoelemewa.

Siku ya kwanza nilifika nikiwa na cheti cha kompyuta na viatu vipya vilivyonibana. Ngazi za jengo letu la Kariakoo mnazijua: marobota ya vitenge kushoto, wapagazi wanashuka kulia, na wewe katikati unaomba njia. Mzee Nasoro alinipokea juu. Familia yake ilikuwa na duka la vitambaa hapo chini tangu enzi za babu yake aliyetoka Arabuni, lakini yeye vitambaa vilimshinda, akapenda nyaya. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha hakunionyesha seva wala kiti. Alinipa kaunta buku, kalamu na saa ya mkononi. Nilitakiwa kupakua faili moja lile lile kila baada ya saa moja, kutwa nzima, na kuandika limechukua muda gani.

Nilifanya hivyo wiki mbili. Nilidhani ananipima uvumilivu. Siku ya kumi na nne akafungua daftari akaniuliza saa ngapi njia yetu huwa nyembamba kuliko zote, nikamjibu bila kutazama: kuanzia saa moja jioni, watu wakishafunga maduka. Akasema basi sasa naweza kukaa.

Kwa ambaye ameingia juzi, kazi yetu ni hii. Mtu ana vitabu, mawaidha, nyimbo za kwaya au programu, anataka wengine wayapakue. Anatuletea mafaili, tunayaweka kwenye seva, tunampa kiungo awagawie watu wake. Kazi inaonekana nyepesi mpaka wale watu wake waje wote kwa pamoja. Hapo unakuta kuna vipimo viwili na vyote vinauma. Kimoja ni upana wa njia, yaani kwa sekunde moja kinapita kiasi gani. Cha pili ni kiasi cha mwezi, yaani jumla ya yote tuliyoruhusiwa kutoa kabla anayetuuzia laini hajatufungia hadi mwezi uanze upya. Mzee Nasoro alisema kimoja ni bomba na kingine ni tanki la juu ya paa. Unaweza kuwa na tanki limejaa na bado watu wakagombana bombani.

Mteja wa kwanza niliyemhudumia peke yangu alikuwa mchapishaji wa vitabu vya shule. Laini yetu ilikuwa ya megabiti nane kwa sekunde, nikamwambia kwa kujiamini kwamba kitabu chake cha megabaiti nane kitashuka kwa sekunde moja. Tukajaribu. Alikaa pembeni yangu akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka nane, kwa utulivu wa mwalimu anayesubiri darasa linyamaze. Nilichanganya biti na baiti. Laini hupimwa kwa biti, faili kwa baiti, na baiti moja ina biti nane. Mzee Nasoro hakunigombeza. Alikata kipande cha plasta, akaandika GAWA KWA NANE, akakibandika chini ya kioo cha kompyuta yangu. Bado kipo. Msikibandue; plasta yenyewe imeshabadilishwa mara nyingi, lakini kila anayeiandika upya huiga mwandiko wake.

Miaka ikapita, Mzee Nasoro akastaafu, seva ikabaki mikononi mwangu. Shida kubwa ya wakati huo ilikuwa mafundi simu wa mitaa hii yetu. Walikuwa wanapakua programu za kufufua simu zilizokufa, mafaili makubwa, na walikuwa na ujanja wao: programu inayolikata faili vipande ishirini na kuvivuta vyote kwa mpigo, kila kipande kikianzia sehemu yake. Fundi mmoja akiamka vizuri anabeba njia nzima, wengine mia wanatazama kioo. Nikakaa nao, nikawasihi, wakaniitikia "poa mama", wakaendelea. Basi nikaingia kwenye mipangilio ya seva nikaamuru kuanzia leo faili linatolewa kuanzia mwanzo tu. Hakuna kuomba kipande cha katikati. Ujanja wao ukafa siku hiyo hiyo. Nilijiona mtu. Ofisini nilipigiwa makofi na keki ikaletwa, nami nikaila bila kujiuliza nimefunga nini kingine.

Sasa niwaambie kuhusu Mwalimu Tatu.

Mwalimu Tatu alifundisha hisabati miaka mingi mpaka koo likamkataza. Daktari alimpangia upasuaji na akamwambia wazi kwamba baada ya hapo sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Badala ya kukaa na kulia, alitundika khanga ukutani kwenye chumba chake cha kulala ili mwangwi usiingie, akaanza kurekodi. Somo moja kwa wiki, maana zaidi ya hapo koo lilikuwa linawaka. Aliwalenga watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima wanaorudia kidato cha nne huku wanafanya kazi: mama lishe, makondakta, wauza mitumba. Alipofika kwetu alikuwa na masomo arobaini na nane kwenye flashi aliyoifunga kwenye leso, na alikuwa anaongea kwa kunong'ona.

"Mtihani bado siku ishirini na tatu," aliniambia. "Nataka yapatikane mpaka asubuhi ya mtihani. Siwezi kuyasema tena."

Nikamwahidi. Nikapiga hesabu mbele yake, kama nilivyofundishwa. Kila somo lilikuwa na megabaiti thelathini. Mara arobaini na nane, inakaribia giga moja na nusu kwa mwanafunzi. Wanafunzi wake aliowaorodhesha walikuwa mia tatu. Jumla giga mia nne na thelathini na ushei, nasi kwa mwezi tuliruhusiwa mia tano. Mwezi ndio kwanza unaanza. Nikamwambia alale usingizi, akaniamini.

Siku ya kumi na moja nikafungua kipimo cha mwezi nikakuta tumeshatoa giga mia tatu na arobaini. Nilidhani ni macho yangu. Nikafuta miwani, ikabaki mia tatu na arobaini. Zilibaki giga mia na sitini na siku kumi na mbili, na kwa mwendo ule tungefungiwa baada ya siku tano. Nilimuuliza anayetuuzia laini kuhusu kuongezewa kiasi. Nikajibiwa kwamba niandike barua, na barua inashughulikiwa kwa siku kumi na nne za kazi.

Seva huandika yenyewe kila anayekuja, anatoka anwani gani ya mtandao, kachukua faili gani na kiasi gani. Nikaipanga orodha kuanzia mlaji mkubwa. Anwani moja ilikuwa juu ya wote, mbali mno, imevuta peke yake karibu giga kumi, mara saba ya fungu la mwanafunzi mmoja. Ilikuja asubuhi, mchana, jioni. Somo la kumi na saba pekee ililichukua mara kumi na nne. Nani anahitaji somo moja mara kumi na nne? Nikasema huyu ni mharibifu au ni fundi simu aliyegundua ujanja mpya, na sikuwa na siku za kubembeleza. Nikaandika anwani yake kwenye orodha ya waliofungiwa, nikahifadhi, nikaenda kunywa chai.

Kesho yake matumizi hayakushuka. Yalipanda.

Nilikuwa bado nakodolea kipimo simu ya ofisi ilipolia. Alikuwa kijana wa kiume, akanipa shikamoo, akajitambulisha kwa jina la Saidi. Akasema ana kibanda Buguruni cha kuwawekea watu nyimbo na muvi kwenye memori kadi, na tangu jana ukurasa wetu unamwambia amekatazwa. Nikamwomba anisomee anwani yake iliyoandikwa kwenye ukurasa huo. Ndiyo ile. Basi nikamwagia yote niliyokuwa nayo kifuani: kwamba amekula haki ya watu, kwamba kuna wanafunzi wanaitegemea njia ile, kwamba yeye na nyimbo zake asinipigie tena. Alinisubiri nimalize.

"Mama, mimi nachukua masomo ya Mwalimu Tatu," akasema. "Njoo uone."

Nikakata simu. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine ambacho sikutaka kukitazama. Nikampigia Mzee Nasoro nyumbani. Nikamsomea takwimu zote, giga, siku, anwani, mara kumi na nne. Alikuwa anakohoa upande wa pili.

"Huyo mtu umemwona?" akauliza.

"Nimeona namba zake zote, mzee."

"Sikukuuliza namba."

Nikachukua pikipiki nikaenda Buguruni.

Kibanda cha Saidi kilikuwa nyuma ya soko, kati ya fundi pasi na muuza vipuri. Meza moja, kompyuta moja yenye vumbi, spika kubwa, na kibao: TUNAWEKA KASWIDA, KWAYA, BONGO FLEVA, MUVI. Chini yake, kwa kalamu ya wino mzito, alikuwa ameongeza: NA HESABU. Modemu yake aliifunga kwenye mfuko wa plastiki akaitundika juu ya mlingoti wa bendera ili ishike mtandao. Saidi mwenyewe alikuwa mwembamba, mpole, na alinipisha kwenye kiti pekee.

Nilielewa taratibu jinsi mambo yalivyokuwa. Wanafunzi wengi wa Mwalimu Tatu hawakuwa na bando la kubeba giga moja na nusu. Walifanya kama wanavyofanya kwa nyimbo: wanakwenda kibandani na memori kadi, wanajaziwa. Saidi anapakua mara moja, anawagawia watu mia. Alilipisha bei ile ile ya nyimbo, sitamfanya malaika. Lakini yule niliyemwita mlaji mkubwa ndiye aliyekuwa anatubebea mzigo, na nilipomfungia, wateja wake wote waligeuka wakaja bombani kwetu mmoja mmoja, na simu zao. Ndiyo maana matumizi yalipanda.

Ikabaki ile mara kumi na nne. Saidi alinionyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, namba moja hadi arobaini na nane. Thelathini na moja zilikuwa na alama ya vema. Kumi na saba haikuwa nayo, na pembeni yake kulikuwa na orodha ndefu ya majina. Nikampigia simu kijana wa zamu ofisini amwondolee Saidi kizuizi, kisha nikamwambia Saidi alipakue somo hilo mbele yangu.

Mstari ukaanza kusogea. Megabaiti tano. Kumi. Fundi pasi jirani akachomeka pasi, taa ikafifia, mstari ukasimama, ukaendelea. Ishirini. Ishirini na nane. Kisha mtandao ukakatika, kwa sekunde mbili tu, ukarudi. Na mstari ukaanza upya kutoka sifuri.

"Huwa hivyo," Saidi akasema. "Likifika mwishoni linarudi."

Mama mmoja aliyekuwa amesimama na beseni la vyombo alishusha pumzi. Alikuwa anauza chakula pale sokoni, na alikuwa anakuja siku ya nne kufuata somo la kumi na saba. Akaniuliza kwa adabu kama mimi ndiye fundi wa mtandao, na kama leo litamalizika, maana milinganyo ndiyo iliyomwangusha mara mbili na ndiyo iliyomo humo.

Nilijua ni nani anayelirudisha faili sifuri. Mlango niliowafungia mafundi simu, ule wa kuomba kipande cha katikati, ndio huo huo unaomruhusu mtu aliyekatikiwa njiani aendelee alipoishia. Nilikuwa nimeuua ujanja wao nikala keki, na tangu siku hiyo kila mtu mwenye mtandao mbovu, yaani nusu ya jiji hili, alikuwa akikatikiwa kwenye megabaiti ya ishirini na nane anaanza moja. Na kila mara anapoanza moja, tanki letu linamwagika. Hesabu yangu ilikuwa ya watu wanaofika mwisho kwa safari moja. Nilikaa Dar es Salaam maisha yangu yote na nikapiga hesabu ya mji mwingine.

Niliona aibu, na siisemi kwa mapambo. Nilimwomba Saidi msamaha pale pale, mbele ya yule mama. Akasema hamna neno, akafuta vumbi kwenye kibodi kama mtu asiyejua aweke wapi mikono.

Nikarudi Kariakoo. Kwanza niliufungua ule mlango wa kuendelea ulipoishia, ila nikaweka sharti kwamba anwani moja isifungue zaidi ya njia mbili kwa wakati mmoja. Hilo peke yake lingewatosha mafundi simu tangu mwanzo, kama ningefikiri siku moja zaidi. Kisha nikayasikiliza masomo yenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Mwalimu Tatu alirekodi kwa ubora wa studio, sikio la kushoto na la kulia, kama taarabu. Mtu anayefundisha milinganyo hahitaji masikio mawili. Nikayapunguza yote yawe ya mkondo mmoja na ubora wa maongezi tu, nikamtumia la kwanza ajionee, akanijibu kwa ujumbe kwamba humo sauti yake inasikika vizuri kuliko ilivyo. Megabaiti thelathini zikawa tisa. Arobaini na nane mara tisa haifiki hata nusu giga. Giga mia na ishirini na ushei zilizokuwa zimebaki, ambazo asubuhi zilikuwa msiba, sasa zilitosha watu karibu mia tatu kuchukua kila kitu.

Lakini nilishaacha kuziamini hesabu za aina hiyo peke yake. Nikamuuliza Mwalimu Tatu kama anaruhusu masomo yake yapelekwe kwenye vibanda vya nyimbo, yakae kati ya muvi na Bongo Fleva. Nilitegemea atasita.

"Wape wote," akanong'ona kwenye simu. "Sikurekodi ili yakae kwenye seva yenu."

Nikanakili masomo kwenye diski ya nje nikarudi Buguruni jioni hiyo hiyo. Saidi alipoweka alama ya vema kwenye namba kumi na saba, yule mama lishe alikuwa ameshaondoka, lakini jina lake lilikuwa la kwanza kwenye orodha. Siku nne zilizofuata nilitembea kwa miguu: vibanda vya Kariakoo mtaa kwa mtaa, vya Mnazi Mmoja karibu na vituo, vya Buguruni vilivyobaki. Wengine walinifukuza wakidhani natoka serikalini. Mmoja, Mchaga mwenzangu mwenye duka la jumla la memori kadi, aliniuliza nina faida gani, nikamwambia sina, akanipisha kwenye kompyuta kwa mashaka makubwa. Miguu ilinivimba. Kila asubuhi nilipanda ngazi, nikatazama kipimo, nikashuka tena na diski yangu. Nilikuwa nimemwahidi mtu asubuhi ya mtihani, na sikukusudia kuishia jioni ya kabla yake.

Asubuhi ya mtihani kipimo kilionyesha zimebaki giga kumi na tisa. Kiungo kilikuwa wazi. Mtu wa mwisho alipakua somo la arobaini na nane saa moja kasoro, sijui alikuwa nani, huenda alikuwa amesimama nje ya geti la kituo cha mtihani. Nilimtumia Mwalimu Tatu picha ya kile kipimo. Alifanyiwa upasuaji wiki iliyofuata. Siku hizi huongea kwa kuandika, na bado ana mwandiko wa ubaoni.

Matokeo yalipotoka Saidi alinipigia. Yule mama lishe amepata D ya hisabati. Mnaojua habari hizo mnajua: kwa aliyeanguka mara mbili, D ni mlango. Saidi alisema alikuja kibandani na sinia la pilau, wakala na fundi pasi.

Basi mkiulizwa kiasi gani kitatosha, anzeni kama nilivyoanza: ukubwa wa faili mara idadi ya watu, na mgawe kasi ya laini kwa nane mkitaka kujua sekunde. Hesabuni saa ya jioni, si wastani wa mwezi. Ongezeni wanaokatikiwa njiani. Na mkiona mlaji mkubwa, kabla ya kumfungia, mmoja wenu avae viatu visivyobana atoke.

Kuna jambo moja tu ninaloliomba. Kwenye orodha ya waliofungiwa, mstari wa kwanza kabisa, mtakuta anwani yenye alama ya reli, yaani #, mbele yake. Alama ile huifanya seva iuruke mstari, usifanye kazi yoyote. Vijana wawili kwa nyakati tofauti walitaka kuufuta wakisema unachafua faili, nikawakatalia. Ni anwani ya Saidi. Hajaitumia miaka mingi, ameshabadilisha laini mara nne. Pembeni yake, siku ile niliyotoka Buguruni, niliandika maneno manne: Nilimfungia. Sikwenda kumwona kwanza.

Msiufute.